Mara ya Tatu

Iraj Mehrpour alikuwa amewatembeza watu wa kila namna mjini Tehran: Wajerumani wenye kamera nzito, Wajapani wenye miavuli, hata Mfaransa mmoja aliyetaka kuvua viatu aingie kwenye bwawa la kasri. Binti yake mwenyewe hakuwahi kumtembeza. Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, nayo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Usiku ule Nastaran na mumewe, Joakim, wangepanda ndege kurudi kwao Sweden, na neno ambalo Iraj alikuwa akilisubiri juma zima lilipaswa kusemwa kabla ya hapo.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Aambiwe: twende, ukakae nasi.

Mkewe Mahin alikuwa amefariki, na tangu hapo Iraj alibaki peke yake kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla hata ya Mahin. Wageni walikatika. Ofisi iliyokuwa ikimpa kazi ya kuongoza watalii ilifungwa, na mwenye ofisi siku hizi aliuza vifuniko vya simu. Magoti yalimsumbua, macho yalianza kumdanganya, na mchana kutwa aliyekuwa akizungumza naye ni ndege wake wa manjano aliyemfuga sebuleni. Hata huyo ndege hakuwa naye tena. Juzi, kwa siri, alikuwa amempelekea jirani yake Bi Effat ndege huyo na tundu lake na mfuko wa mtama, akamwambia, mchukue, nimekupa. Ndivyo alivyokuwa na hakika mzee wa watu. Kabla hajaitwa safari, alishagawa mali.

Na hata angeitwa, asingekubali papo hapo. Hapo ndipo asiyewajua watu wa Tehran angetoa macho. Kwetu ukikaribishwa chai unakataa. Ukikaribishwa tena unakataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Ya tatu ndiyo yenyewe: mwenyeji ameonyesha kwamba hakuwa akipitisha maneno tu, na wewe unapokea bila kuonekana mlafi. Anayekubali mara ya kwanza ni mtu aliyelelewa stendi. Taarofu, ndivyo tunavyoiita adabu hii, na Iraj aliifuata bila kuifikiria, kama mtu anavyopepesa macho.

Kwa hiyo siku nzima aliipanga kwa hesabu hiyo. Asubuhi Kasri la Golestan, mchana chakula sokoni, alasiri mlima wa Tochal. Ndiyo ile ile ziara aliyoiuza maisha yake yote, mji na mlima kwa siku moja, na alijua wapi watu hunyamaza, wapi hucheka, wapi hutokwa na machozi. Nastaran ataniambia mara ya kwanza kwenye kasri, alijiwazia, mara ya pili tukila, na ya tatu kule juu, mji mzima ukiwa chini yetu. Mtu akisema ndiyo mahali kama pale, hata Mungu anasikia vizuri.

Alivaa koti lake la suti. Lile zito la baridi aliliacha msumarini kwa sababu viwiko vilikuwa vimeisha, na hakutaka mkwe aone viwiko.

Ndani ya gari, Samand yake kuukuu, alianza kutega mtego mapema. Akataja ngazi za nyumbani. Akataja lifti. Akataja mzee wa ghorofa ya chini aliyeteleza bafuni, akalala hapo mpaka watu wakamsahau. Joakim, kijana mrefu mpole mwenye ndevu nyekundu, alisema kwa Kiingereza kwamba hiyo ni habari ya kusikitisha sana. Nastaran alikuwa akitazama dirishani.

Langoni pa kasri mkata tiketi alikuwa Bwana Rahmati, wa tangu zamani, naye alipomwona Iraj akafungua mikono. Wakafika penye kizuizi pamoja, na hapo ikawa ni wewe kwanza, hapana wewe, haiwezekani bwana wangu, nitakupitaje wewe, nyayo zako nitaziweka machoni. Watu wakajazana nyuma yao. Mama mmoja akauliza kama wale wazee wameganda. Mara ya tatu Rahmati alipomshika Iraj kiwiko, Iraj akainama, akapita, na wote wawili wakaonekana wameridhika kabisa. Nastaran akamnong'oneza mumewe jambo kwa Kiswidi. Joakim akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeona jibu la hesabu lilivyopatikana.

Kwenye Ukumbi wa Vioo Iraj alikuwa Iraj. Mgongo ulinyooka, magoti yakapona. Alisimulia kisa chake cha mfalme aliyeingia pale alfajiri, akaona nyuso zake elfu ukutani, akamwuliza mtumishi yupi kati ya hao ndiye mwenye njaa. Kisa chenyewe alikuwa amekitunga mwenyewe zamani, na kila mwaka alikitia chumvi kidogo. Joakim alicheka. Hata msichana mmoja mgeni ambaye hakuwa wa kundi lao alisogea asikilize.

"Mama alikuwa akinihadithia hiki," Nastaran alisema kwa Kifarsi. "Alikijua kwa kukusikia ukifanya mazoezi jikoni. Yeye humu hakuwahi kuingia, unajua?"

"Hakuwahi? Si tulikuja—"

"Hakuwahi, Baba. Wageni wako walipata mtu mzuri sana."

Alisema akitabasamu, na Iraj akaipokea kama sifa. Ndivyo alivyokuwa siku ile, kila alichopewa aliweka mfukoni bila kukitazama.

Wakatoka nje, wakakaa ukingoni mwa bwawa refu. Majani ya vuli yalielea majini, Joakim alikuwa mbali akipiga picha vigae. Nastaran aliishusha skafu mabegani, kisha akasema huku akitazama maji:

"Baba, kwa nini usije ukakae kwetu? Kile chumba cha juu hakina mtu."

Moyo wa Iraj uliruka kama wa kijana. Ilimbidi akohoe ili kuupa nafasi.

"Mimi? Nikafanye nini huko, nisukume theluji? Hapana, mwanangu. Nisiwasumbue."

Nastaran akajibu, "Haya," akainuka, akajipangusa vumbi. Iraj naye akainuka, akijisemea kimoyomoyo: moja. Akawaongoza hadi sokoni akipiga mluzi, jambo ambalo halijafanyika katika mtaa ule na mtu wa umri wake tangu tujue.

Chakula kilikuwa dizi, mchuzi wa nyama wa kwenye chungu, kwenye kijumba cha vichochoroni alichokijua yeye. Iraj akamwaga mchuzi kwenye bakuli, akawamegea mkate ndani, halafu akashika mchi akatwanga nyama, viazi na dengu mpaka jasho likamtoka. Hakutaka kusaidiwa. Huko kutwanga kulikuwa maombi yake: tazama, bado nina mikono, sitakuwa mzigo, nitawapikieni. Joakim alikula hadi akalegeza mkanda. Mwenye duka alileta kitunguu na achari bila kuitwa, akamsifu Iraj kwa kupata mkwe mwenye tumbo la heshima.

"Fikiria lakini, Baba," Nastaran alisema. Alikuwa akimega mkate vipande vidogo vidogo asivyovila. "Lile nililokuambia. Mlango uko wazi."

Hii ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Iraj akateremsha sauti, kama ilivyo desturi, akakataa kwa namna ambayo mtu yeyote aliyezaliwa Tehran angeona mlango ameuacha wazi hata yeye. Akasema mzee ni kama kabati la zamani, ukilihamisha misumari inatoka. Akacheka. Akaongeza kwamba, kweli, kuna makabati yanayohamishwa na hayavunjiki, lakini ni machache.

"Nimekuelewa," akasema Nastaran. Akamwomba mwenye duka achari zaidi.

Mbili.

Walipokuwa wakipanda Barabara ya Valiasr, ile miti mirefu ikiwafunika kwa juu na maji yakikimbia kwenye mifereji ya pembeni, Iraj aliendesha polepole. Alianza kuona kwamba akina Nastaran wamekuwa kimya mno. Huenda amesahau, akawaza. Miaka kumi na zaidi ya kukaa na watu ambao wakisema hapana wanamaanisha hapana, hesabu itambakije kichwani? Akamwonea huruma mtoto. Akaamua amsaidie. Akazitaja tena ngazi, safari hii akaongeza barafu.

Mlimani walipanda telekabini, vile vibanda vinavyokwea vikining'inia kwenye waya. Watatu ndani ya kimoja, magoti yakigusana. Mji ukazama chini yao, kwanza nyumba, halafu mitaa, halafu moshi tu wa rangi ya chai ya maziwa. Joakim akauliza nyumba ya Iraj iko wapi. Kila mgeni huuliza hivyo, na Iraj ana jibu lake: alinyoosha kidole kwenye majumba yenye bustani ya kaskazini mwa mji, ambako hajawahi kulala hata usiku mmoja. Nastaran alikifuata kidole kwa macho.

Kituo cha kati kikapita. Iraj alisubiri. Wakabadilisha kibanda. Akasubiri. Alikuwa amejiandaa kwa jibu, ameligeuzageuza tangu alfajiri: Basi, mwanangu, ukining'ang'aniza hivyo, nifanyeje. Hilo ndilo angesema. Lina heshima, halina njaa ndani yake. Alilisema bila sauti, midomo ikimchezacheza, akawa kama mtu anayesali.

Kituo cha saba, cha mwisho, kilikuwa theluji tupu. Upepo uliwapokea mlangoni na kuingia moja kwa moja kwenye koti la suti la Iraj kana kwamba halikuwapo. Nastaran alisema anakwenda kununua supu ya moto, akaelekea kwenye kijumba cha mgahawa. Wanaume wawili wakabaki ukingoni penye kizuizi cha chuma. Iraj alianza kueleza, ule mlima pale, yale mabonde, lakini meno yalikuwa yakigongana na maneno yakawa yanatoka vipande vipande.

Joakim akavua koti lake, nene, la bluu, akabaki na sweta. Akamwambia avae.

Iraj akakataa. Akasema hana baridi, hii kwa mtu wa Tehran ni hali ya hewa ya kiangazi. Joakim akamwambia tafadhali. Iraj akakataa tena, akaweka mkono kifuani, akasema vaa wewe mwanangu, wewe ni mgeni. Basi Joakim akainua vidole vitatu mbele ya uso wake, anacheka, ndevu zimejaa theluji.

"Nasema mara ya tatu," akasema kwa Kiingereza, na akamvika koti mabegani kama anavyovikwa bwana harusi.

Iraj naye akacheka. Koti lilikuwa na joto la mwili wa kijana. Alimpiga Joakim begani, akamwambia sasa amekuwa mtu wa Tehran kamili, ni nani amemfundisha?

"Nastaran. Ndiyo somo la kwanza alilonipa kabla hatujaja, na asubuhi pale langoni akanionyesha tena." Joakim alijivuna kidogo, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni. "Alisema usiishie mara ya pili kama unamaanisha. Mara ya tatu ndiyo unatoa kweli. Na kama ni heshima tu, hutaki kutoa, ishia ya pili. Kila mtu ataelewa na hakuna atakayeona haya. Ni desturi nzuri sana, nadhani. Hakuna anayelazimika kusema hapana."

Iraj alisema ndiyo, ni desturi nzuri.

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, Nastaran alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao na sinia yenye mabakuli ya supu, mvuke unapeperushwa kando na upepo. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya kabati la watu, na katika uso huo Iraj alisoma yote, hakubakiza mstari. Mtoto hakuwa amesahau chochote.

Kwanza alikasirika. Hasira ilimpanda mpaka baridi ikamtoka. Alitaka kuuliza, ni nani aliyekulipia shule, ni nani aliyeuza gari upate nauli ya kwenda huko unakojua kuhesabu mpaka mbili tu? Lakini alikuwa na bakuli la supu mkononi, tambi na maharage na mboga, linaunguza vidole, na mtu hawezi kufoka na bakuli la supu mkononi mbele ya mkwe. Akanywa. Alipokuwa akinywa, hasira ikashuka, na chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

Mahin alipolazwa hospitali, Iraj alikuwa Yazd, kule jangwani, na kundi la wageni kutoka Austria. Nastaran alimpigia simu kutoka Sweden mara kwa mara, akimwambia, Baba, rudi, mama anakuuliza. Naye akajibu kwamba wageni wameshalipia, bado kidogo, atarudi wakimaliza jangwa. Walipomaliza jangwa, Mahin alikuwa ameshazikwa na ndugu zake. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo na binti yake. Alidhani kwa kuwa halizungumzwi, limekwisha.

Wakamaliza supu. Joakim akaomba wapige picha ya watatu, wakapiga, na kwenye picha hiyo, ukiiona, utasema ni familia yenye furaha, mzee kavaa koti kubwa la bluu mpaka magotini.

Kibanda cha kushukia kilifungwa mlango, wakaanza kuteremka. Jua lilikuwa likienda zake nyuma ya mlima. Joakim aliegemea kioo, akaanza kuzitazama picha zake kwenye simu. Nastaran alikuwa mbele ya baba yake, magoti kwa magoti, mikono ameibana kati ya mapaja.

"Baba," akasema kwa Kifarsi.

"Naam, roho ya baba."

"Njoo ukae nasi." Macho yalikuwa yamejaa. "Nasema kweli. Si taarofu. Hii ni ya tatu, nakuomba."

Ilikuwa yenyewe. Mahali penyewe, saa yenyewe, mji wote chini yao kama alivyoupanga, na sheria ilikuwa upande wake. Hakuna mtu Tehran nzima, kuanzia Bwana Rahmati mpaka imamu, ambaye angemlaumu mzee kwa kukubali mwaliko wa tatu. Jibu lilikuwa limeiva mdomoni tangu alfajiri. Ukining'ang'aniza hivyo, nifanyeje.

Akamtazama. Akaona mabega yake yalivyokakamaa, kama ya mtu anayengoja kuchomwa sindano. Akakiona na kile chumba cha juu: asubuhi zote zile, mlango ukibishwa kwa upole, Baba chai tayari, na mwanamke mwenye adabu akimhudumia baba yake mpaka mwisho bila kumsamehe. Angekuwa mgeni. Yeye alijua kazi ya kuhudumia wageni ilivyo. Unatabasamu, na ukishafunga mlango unavua viatu na kukaa gizani.

"Hapana, mwanangu," akasema. Hakuishusha sauti. "Mimi siuwezi mji usio na mlima."

"Una hakika?"

Hii ilikuwa ya nne, na ya nne haina sheria. Ni mtu tu anauliza.

"Nina hakika. Nilikuwa nataka kukuambia tangu asubuhi, ukawa hunipi nafasi." Akajichekesha. "Na yule ndege wangu nitamwachia nani?"

Alipoanza kusema alikuwa amesahau kwamba ndege ameshamgawa. Alikumbuka sentensi ikiwa katikati, akaimalizia hivyo hivyo. Ndege alikuwa kwa Bi Effat, ameshapewa jina jipya na wajukuu wa Bi Effat, na zawadi hairudishwi.

Joakim akainua macho kwenye simu, akauliza wanazungumza nini.

"Ananiuliza kama bado nina baridi," Iraj akamwambia kwa Kiingereza.

"Na umemjibu nini?"

"Kwamba koti lako ni zuri."

Joakim akafurahi, akasema basi ni lake, asilirudishe. Akasema tena. Iraj hakungoja ya tatu; alianza kulivua hapo hapo, na kibanda kikayumba. Nastaran alikuwa amegeukia dirisha. Alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, mpaka kioo mbele yake kikafunga ukungu. Hakujua kwamba imesikika.

Iraj aliisikia. Akamkabidhi Joakim koti lake, akakaa vizuri, akanyoosha mgongo, na kwa ile sauti yake ya kazi akaanza kuwaeleza kinachoonekana upande wa kushoto.